TARAKILISHI YAKO IKIGOMA KUSHIRIKI HARAMBEE YA SAYANSI

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii tumeisoma tangu shule ya msingi, tumeiandikia insha, na wengine wetu tumeitumia kuwaomba wenzetu watusaidie kufagia bweni. Lakini je, mwanafunzi mwenzangu, wajua kwamba methali hiyo hiyo inafanya kazi leo ndani ya tarakilishi, au kompyuta kama tunavyoiita tukiwa nje ya darasa? Kuna watu katika kila pembe ya dunia wanaochangia nguvu za mashine zao za nyumbani ili wanasayansi wafanye hesabu ambazo mashine moja ingechukua karne nzima kuzimaliza. Madhumuni ya makala haya ni kueleza kazi hiyo ni ipi, na hasa ufanye nini mashine yako ikigoma, kwa maana hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuifuta programu nzima.

Kazi yenyewe ni ipi?

Sisi wa Chebunyo tuko nyanda za chini za Chepalungu, ambako mahindi na ng'ombe ndio uti wa mgongo. Lakini ukipanda kuelekea Kericho utakutana na chai. Mtazame mchumaji. Hakuna mtu mmoja anayeweza kuchuma mlima mzima peke yake. Kila mmoja hupewa mistari yake, akachuma majani mawili na kichipukizi, akajaza kikapu, kikapimwa, kisha majani yote yakapelekwa kiwandani siku hiyo hiyo. Yakichelewa, yanaharibika.

Hesabu za kujitolea huenda vivyo hivyo. Chuo kikuu chenye hesabu kubwa huzikata vipande vidogo. Seva yake, yaani ile tarakilishi kuu inayogawa kazi, inakutumia kipande kimoja kupitia intaneti. Mashine yako inakipiga hesabu wakati hauitumii sana, halafu inarudisha jibu. Kila kipande kina siku ya mwisho ya kurudishwa, kama majani ya chai yalivyo na saa yake.

Mradi uliolifanya jambo hili lijulikane duniani ni SETI@home wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley. Ulianza tarehe 17 Mei 1999, ukitafuta katika mawimbi ya redio kutoka angani dalili za viumbe wengine wenye akili. Zaidi ya watu milioni 5 walishiriki kabla haujaacha kugawa kazi tarehe 31 Machi 2020. Kutokana na mradi huo ilizaliwa programu iitwayo BOINC, ambayo hutolewa bure na hutumiwa na miradi mingi. Ni kama kituo cha kupimia majani: kituo ni kimoja, lakini unachagua mwenyewe kiwanda cha kupelekea.

Usidhani ni mambo ya anga na ya ng'ambo pekee. Taasisi ya magonjwa ya nchi za joto iliyoko Basel, Uswisi, iliendesha mradi wa malariacontrol.net hadi 2016, ukipima kwa hesabu jinsi malaria inavyoenea Afrika na ni kinga zipi zingefaa zaidi. Jambo hili si geni kwetu. Katika mashamba ya chai ya Kericho, kumbukumbu za wagonjwa wa malaria zilizowekwa tangu miaka ya 1960 ziliwafanya wanasayansi wabishane kwa muda mrefu: je, homa ile iliongezeka katika nyanda za juu kwa sababu ya joto la dunia, au kwa sababu dawa zilikuwa zimeanza kushindwa na vimelea?

Halafu kuna mvua. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Delft cha Uholanzi kilianza mradi wa mvua ya Afrika kupitia World Community Grid. Hesabu zake zilitazama mvua ya Afrika kusini mwa Sahara kwa vipimo vya kilometa moja tu, kwa kuwa mvua yetu aghalabu ni ya wingu dogo: inanyesha kwa jirani na kwako vumbi linatimka. Na baada ya ukame uliotangazwa na serikali ya Kenya kuwa janga la kitaifa mwezi wa Februari 2017, wanasayansi waliochunguza chanzo chake walitumia, pamoja na mbinu nyingine, hesabu zilizofanywa na mashine za watu wa kujitolea katika mradi wa climateprediction.net wa Chuo Kikuu cha Oxford. Hawakupata dalili wazi kwamba mabadiliko ya tabianchi ndiyo yaliyopunguza mvua ya mwaka ule, lakini waliona kwamba joto limepanda, na joto hukausha ardhi. Sisi tuliowaona ng'ombe wakikonda twajua uzito wa swali hilo.

Kwanza ruhusa, pili stima

Kabla ya kutafuta hitilafu yoyote, jiulize: mashine hii ni ya nani, na stima analipa nani? Kama ni ya baba, mama au kaka, mweleze kwanza na umsikilize. Kama ni ya shule, usithubutu kuigusa bila idhini ya mwalimu anayehusika. Katika jimbo la Georgia nchini Marekani, fundi wa tarakilishi wa chuo kimoja aliweka programu ya namna hii katika mashine za chuo bila ruhusa. Alishtakiwa, na kesi ilipomalizika mwaka 2002 alipewa kifungo cha nje na kuamriwa kulipa pesa. Nia njema haikumwokoa.

Sasa tupige hesabu ya stima. Tuseme tarakilishi ya mezani pamoja na kioo chake inakula wati 100 ikifanya kazi kwa bidii. Ukiiwasha saa 5 kwa siku, hizo ni wati-saa 500, yaani nusu uniti. Kwa siku 30 ni uniti 15. Kipakatalishi, yaani ile ya kukunja, kikila wati 40 kwa saa hizo hizo kitatumia uniti 6 kwa mwezi. Chukua risiti ya tokeni iliyoko nyumbani, angalia uniti moja inawagharimu pesa ngapi, kisha zidisha. Mpelekee mzazi jibu hilo. Akisema ni ghali mno, hapo mjadala umekwisha. Akikubali, ndani ya BOINC kuna mahali pa kuweka saa za kufanya kazi, tuseme kuanzia saa 12 jioni hadi saa 4 usiku wakati mashine imewashwa kwa ajili ya masomo. Hivyo tokeni haziishi usiku wa manane watu wakiwa usingizini.

Usikimbilie fundi, soma daftari

Haya basi, programu imewekwa, na mara inagoma. Wengi wetu hufanya nini? Tunabonyezabonyeza kila kitu, tunazima na kuwasha mara kumi, na mwisho tunaibeba mashine hadi mjini kwa fundi ambaye anatoza pesa za kuitazama tu. Polepole, rafiki yangu. BOINC huandika kila inalofanya katika daftari la matukio. Fungua dirisha lake, kisha ubonyeze vitufe vya Ctrl, Shift na E kwa pamoja. Utaona mistari mingi, kila mmoja una saa na maneno machache. Mistari inayohitaji kuangaliwa sana huandikwa kwa rangi nyekundu.

Soma mistari ya mwisho, kisha rudi juu hadi pale mambo yalipoanza kwenda mrama. Nakili maneno yenyewe katika daftari lako la mazoezi, pamoja na tarehe na ulilokuwa ukilifanya. Halafu badilisha kitu kimoja tu, ungoje, uone. Ukibadilisha vitu vitano kwa mpigo na mashine ikapona, hutajua ni dawa gani iliyoponya. Isipopona, hutajua ni ipi iliyoongeza ugonjwa. Ni ule ule utaratibu tunaofundishwa katika maabara ya kemia.

Imesimama, lakini si mgonjwa

Mara nyingi programu imesimama kwa sababu imeambiwa isimame. Kipakatalishi kikichomolewa kwenye stima, BOINC huacha kazi ili isimalize betri; huo ndio mpango inaokuja nao. Rudisha chaja na kazi itaendelea. Vile vile ikiona programu nyingine zinatumia zaidi ya asilimia 25 ya nguvu za prosesa, inajiweka kando kwa adabu. Kama ndugu yako anatazama filamu, basi usishangae. Na kama uliweka saa za kufanya kazi, hakikisha hujaamka saa 2 asubuhi ukaanza kulalamika kwamba mashine imelala, kumbe ni wewe uliyeiambia ianze jioni!

Sababu nyingine ni kumbukumbu ya muda, ile wauzaji wanayoiita ramu. Ukiona kazi inasema inangoja kumbukumbu, fanya hesabu. Kwa kawaida BOINC hujiruhusu kutumia nusu tu ya kumbukumbu wakati mtu anaitumia mashine, na asilimia 90 ikiwa haitumiki. Mashine yenye gigabaiti 2 itaipa nusu yake, yaani gigabaiti 1. Kipande kinachotaka zaidi ya hapo kitangoja mpaka uinuke kitini. Dawa ni kufunga programu usizozitumia, au kuchagua mradi wenye vipande vidogo.

Saa iliyorudi nyuma

Hitilafu hii inawasumbua sana wenye tarakilishi za mezani zilizotumika ng'ambo, ambazo ndizo nyingi vijijini. Ndani ya mashine, juu ya ule ubao mkuu, kuna betri bapa mfano wa sarafu. Kazi yake ni kuiwezesha saa kuendelea kutembea hata stima ikiwa imezimwa. Betri hiyo ikifa, kila unapowasha mashine saa inarudi nyuma miaka mingi, na tarehe inakuwa ya zamani kabisa.

Wewe waweza kudharau ukasema, saa ni saa tu, mimi natazama ya simu. La hasha! Mashine inapozungumza na seva kwa usalama, seva hutoa cheti cha kujitambulisha. Cheti hicho kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, kama leseni ya dereva. Tarakilishi inayodhani tuko mwaka 2009 itakitazama cheti na kusema bado hakijaanza kutumika, kisha itakataa kuongea na seva. Daftari la matukio litajaa malalamiko kuhusu cheti au kuhusu muunganisho, nawe utaulaumu mtandao bure.

Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, tazama saa na tarehe pembeni mwa kioo. Zirekebishe, na uhakikishe umechagua majira ya Afrika Mashariki. Kisha zima mashine, chomoa waya ukutani kwa dakika kadhaa, uirudishe na kuiwasha. Saa ikiwa imerudi nyuma tena, betri imekufa. Nyingi ni za aina ya CR2032, nazo hupatikana madukani wanakouza vifaa vya umeme. Mashine iwe imechomolewa kabisa ukutani kabla ya kufunguliwa, na kama hujawahi kufungua moja, mwite anayejua akuonyeshe. Badala ya kumwambia fundi "imeharibika tu", utamwambia "nibadilishie betri ya saa", na hiyo ni kazi ya dakika chache.

Stima ikikatika

Jamani, nani kati yetu asiyejua stima kupotea mawingu yakitanda? Nyanda za Kericho zinajulikana kwa radi na mvua ya mawe, na mvumo ule tunausikia hadi huku. Ukisikia ngurumo, zima mashine vizuri na uchomoe waya. Hakuna hesabu yenye thamani kuliko usalama wako na wa mashine.

Baada ya stima kurudi, utaona jambo la kutia hofu: kazi iliyokuwa asilimia 60 sasa inasoma asilimia 50. Usiseme imeharibika. Programu hizi huhifadhi kazi kwenye diski kila baada ya muda, kama mwanafunzi anayepiga mstari chini ya hesabu aliyoimaliza. Stima ikikatika, mashine inarudi hadi kwenye mstari wa mwisho na kuendelea kutoka hapo. Kilichopotea ni kile cha baada ya mstari.

Tatizo la kweli liko kwa vipande vinavyohifadhi kwa nadra. Tuseme kipande kinahifadhi kila baada ya saa 2, na nyumbani kwenu mashine huwashwa kwa saa moja na nusu tu kila jioni. Kitaanza, kitafika saa moja na nusu, kitazimwa, na kesho kitaanzia pale pale. Hata kikikaa mwezi hakitamaliza, na stima imeliwa bure. Utajuaje? Chagua kazi hiyo kwenye orodha, fungua maelezo yake, utaona muda uliopita tangu ilipohifadhiwa mara ya mwisho. Angalia mara kadhaa kabla ya kuzima. Ukiona muda huo unazidi jioni yenu nzima, basi achana na mradi huo na utafute wenye vipande vinavyohifadhi mara kwa mara. Njia nyingine ni kuilaza mashine kwa namna inayoandika kumbukumbu yote kwenye diski badala ya kuizima kabisa. Ikiamka, inaendelea pale ilipoachia.

Joto na vumbi

Prosesa ikifanya kazi kwa nguvu zote hupata moto. Feni yake hupuliza joto hilo nje, lakini wakati wa kiangazi huku kwetu feni hiyo humeza vumbi mpaka inazibwa. Dalili zake ni tatu: feni inanguruma kama posho mill, kazi zinakwenda polepole kuliko mwanzo, na mwisho mashine inajizima yenyewe bila kuaga. Haikurogwa. Prosesa nyingi hupunguza mwendo zikizidi joto, na joto likiendelea kupanda hujizima ili zisiungue.

Usiweke kipakatalishi juu ya blanketi au kochi, kwani matundu ya hewa yako chini. Kiweke juu ya meza ngumu. Kila baada ya muda, mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa, ondoa vumbi kwa brashi laini. Kisha ingia katika mipangilio ya BOINC na uiambie itumie asilimia 50 ya viini vya prosesa. Mashine yenye viini 4 itatumia 2. Kazi itachelewa, ni kweli, lakini heri kipakatalishi kizima kinachokwenda polepole kuliko kilichokufa kabla ya kaka yako kumaliza kulipia.

Mtandao na bando

Wengi wetu intaneti yetu ni bando ya simu inayogawiwa tarakilishi. Bando ikiisha katikati ya kupakua, faili inabaki nusu na BOINC inasema itajaribu tena baadaye. Kila ikishindwa, muda wa kungoja unaongezeka. Ukishaweka bando mpya, unaweza kuiamuru ijaribu papo hapo kupitia ukurasa wa faili zinazosafirishwa. Bonyeza mara moja, ungoje. Kubonyeza mara ishirini hakuifanyi seva ikupende.

Ili bando isiliwe, mipangilio inakuruhusu kuweka kikomo cha megabaiti kwa siku kadhaa, na saa ambazo mtandao waweza kutumika. Chunguza pia ukubwa wa faili za mradi kabla ya kujiunga, kwani ya hali ya hewa huwa ni makubwa kuliko ya hesabu tupu. Mwenye bando ndogo asione haya kuchagua mradi mdogo.

Kazi haziji kabisa

Huenda kila kitu ni kizima, saa ni sawa, mtandao upo, lakini hakuna kipande kinachokuja. Soma jibu la seva katika daftari. Likisema hakuna kazi kwa sasa, basi ghala la mradi ni tupu. Ngoja au jiunge na mradi wa pili. Likisema hakuna kazi inayofaa mashine yako, pengine mashine ni ya zamani ya biti 32, na miradi mingi siku hizi haitengenezi tena kazi za mashine hizo. Likisema diski haina nafasi, ondoa filamu zile za mwaka juzi. Na wakati mwingine mradi wenyewe umefungwa, kama tulivyoona kwa SETI@home na malariacontrol.net. Mtu aliyeelekezwa huko na karatasi ya zamani atangoja mpaka ng'ombe waote mbawa.

Kosa la hesabu

Hili ndilo neno linalowatisha wengi: kazi imekwisha kabla ya wakati kwa kosa la hesabu. Jiulize maswali matatu. Je, ni kipande kimoja au ni vyote? Kikiwa kimoja kati ya vingi, kiache kiende. Pengine kipande chenyewe kilikuwa kibovu, na tovuti ya mradi itakuonyesha kama mashine za wenzako nazo zilishindwa na kipande hicho hicho. Je, vyote vinakufa sekunde chache baada ya kuanza? Basi huenda programu ya kuzuia virusi inayafuta mafaili ya mradi, au BOINC uliyo nayo ni ya zamani. Ielekeze ile ya virusi isiiguse folda ya BOINC, kisha usasishe. Je, vinakufa baada ya saa nyingi, leo hiki kesho kile? Shuku joto, au kumbukumbu yenye kasoro. Windows ina kipimo chake cha kumbukumbu. Kiendeshe usiku mmoja.

Kosa la namna hii lina umuhimu kwa mwanasayansi pia. Mashine yenye joto kali au kumbukumbu mbovu yaweza kutoa jibu lisilo sahihi bila kuonyesha dalili. Ndiyo sababu miradi mingi hutuma kipande kimoja kwa watu wawili au zaidi na kulinganisha majibu. Yakitofautiana, anatafutwa wa tatu. Mashine inayokosea kila siku haichangii. Inawaongezea wenzake kazi.

Siku ya mwisho

Kipande kisiporudi kwa wakati, seva humtumia mtu mwingine. Stima yako imekwenda, na pengine jibu lako halitahesabiwa tena. Kwa hiyo piga hesabu. Kipande kinahitaji saa 12, na nyumbani mashine huwashwa saa 2 kwa siku: hizo ni siku 6. Kama siku ya mwisho ni baada ya siku 7, jioni mbili tu bila stima zitakufanya uchelewe. Katika mipangilio kuna mahali pa kueleza uweke akiba ya kazi ya siku ngapi. Weka ndogo. Mwenye tamaa ya vipande vingi ni kama mchumaji anayeshika mistari kumi na jua linatua.

Ukijua kwamba unarudi bweni na mashine itakaa kimya muhula mzima, iambie BOINC isichukue kazi mpya, imalize iliyo nayo, irudishe, kisha uondoke kwa amani. Kazi ambayo haijaanza na haitawahi, ifute mapema ili apewe mwingine. Huo ni uungwana.

Dawa ya mwisho

Yote yakishindikana, fuata ngazi hii kutoka chini kwenda juu. Kwanza, funga BOINC uifungue tena. Pili, zima mashine na kuiwasha. Tatu, ufanye mradi uanze upya, lakini fahamu kwamba vipande vyote vilivyomo vitapotea, hata kile kilichofika asilimia 95. Nne, ondoa mradi na kujiunga tena. Tano, ondoa BOINC yote na kuiweka upya kutoka tovuti yake rasmi. Watu wengi huanzia ngazi ya tano, na kesho yake tatizo ni lile lile, kwa kuwa betri ya saa bado imekufa na vumbi bado limo ndani ya feni.

Mwanafunzi mwenzangu, ukiyatazama vizuri matatizo haya yote utaona kwamba machache sana yanatokana na programu yenyewe. Mengi yanatoka katika mazingira ya nyumba: saa, stima, joto, bando na haraka yetu. Hayo yote mtu wa kidato cha pili anaweza kuyachunguza kwa macho yake na kalamu yake, bila kulipa fundi. Na anayejua kusoma daftari la matukio la BOINC hatababaishwa na mashine nyingine yoyote itakayogoma mbele yake, iwe ya kupimia chai, ya kusaga mahindi au ya kupimia damu hospitalini.

Chama chetu cha Kiswahili kinawakaribisha wote walio na mashine nyumbani kuandika walichokiona katika madaftari yao ya matukio. Lete tarehe, maneno yenyewe ya kosa, na ulichokibadilisha. Tutayatafsiri kwa Kiswahili sanifu na kuyabandika ukutani, ili atakayekwama kesho asianze upya pale ulipokwama wewe jana. Haba na haba hujaza kibaba.